Jua Kwanza, Betri Mwisho

Mume wangu alikuwa fundi redio, na watu walimwita Waya kwa sababu mifuko yake haikukosa vipande vya waya. Ukifua suruali yake bila kuipapasa kwanza, umechomwa. Alikuwa mwembamba, mpole mbele za watu, na msiri kuliko kaburi. Upole waliufaidi wengine. Mimi niliachiwa usiri.

Umeme kwetu haukufika. Nguzo ziliishia nyumba ya tatu kutoka yetu, zikagoma kama punda. Wateja wa redio walipopungua, Waya akajifunza sola, akafunga paneli nne juu ya bati letu na betri mbili kwenye korido.

Tulijaliwa binti mmoja. Homa ilimchukua akiwa na miaka tisa. Mwezi haukuisha, nikarudi kutoka sokoni nikakuta Waya amepigilia mbao dirisha la chumba cha mtoto. Kitanda alishakikata kuwa rafu. Juu ya kila rafu kulikuwa na taa za zambarau alizoziunga mwenyewe, na chini yake makopo ya udongo.

"Umefanya nini humu?"

"Miche," alisema. "Nje ni saruji tupu, na kuku wa jirani wanafukua kila kitu. Humu itakua kwa taa hizi."

"Kwenye kitanda cha mtoto?"

"Mbao ni mbao, mke wangu."

Neno hilo nililibeba miaka sita.

Ukutani alitundika saa ya kengele, ile ya kutia ufunguo. Alitoa kengele akafunga swichi mahali pake. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasorobo nyundo inagonga, tak, na taa zinawaka mpaka jioni. Nilimuuliza kwa nini asingoje jua litoke, betri zipumzike. Akasema miche inapenda kuamka mapema. Mwanamume akishaamua upuuzi wake, utabishana naye mpaka ukauke mate.

Mimi shule niliipita kwa nje, kwa hiyo Waya alinifundisha mtambo kwa kunikaririsha. Ukutani kuna kisanduku, mafundi wanakiita kontrola, kinachopokea nguvu ya jua na kulisha betri na taa. Siku ya kufungua nyaya, unaanza na za paneli. Ukitangulia kung'oa betri wakati jua linasukuma, umeunguza kila kitu.

"Jua?" anauliza.

"Kwanza."

"Betri?"

"Mwisho."

"Kasuku wangu hana mpinzani!" Anacheka, nami nacheka, halafu nakumbuka kile kitanda.

Miche ilistawi. Wanawake walikuja kununua nyanya na hoho, wakasema, "Mama, hizi zinaota kama zimetumwa!" Mimi nilimwagilia tu.

Moyo wa Waya ulisimama akiwa kwenye benchi lake la kazi, bisibisi mkononi. Mazikoni alikuwepo mwanamke nisiyemjua, analia kunishinda mimi mjane. Hapo ndipo nilipojua kwamba zile siku alizokwenda "kufunga sola mbali" alikuwa na mke mwingine.

Nikaapa chumba kile kife naye. Sikuitia saa ufunguo. Asubuhi, tak, taa zikawaka. Kesho yake, tak. Nyumbani nilikuwa peke yangu. Nikafunga mlango wa chumba, ufunguo wa mlango nikauficha chini ya mto. Tak. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Waya, niache."

Siku ya nne nilizinduka nimesimama ndani ya chumba, miguu peku, nimeshika ufunguo wa saa, udongo wa makopo umejaa kwenye kucha zangu. Hakuna aliyeingia. Mkono ulikuwa wangu. Kuanzia hapo nikaitia ufunguo macho wazi, maana nilishajua siwezi kukiona chumba cha binti yangu gizani. Sikumwambia mtu.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wake Waya, na yule mke mwenzangu. Tukakubaliana kugawana mtambo: mke mwenzangu paneli mbili na betri moja, mimi vilivyobaki pamoja na kontrola. Kwa vilivyobaki taa zingeendelea kuwaka. Sikutaka kingine.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Shemeji akakunja mikono ya shati.

"Shemeji, wewe kaa pembeni. Hii si kazi ya mwiko na sufuria."

"Haya, mjuzi."

Mke mwenzangu alisimama mlangoni pa chumba, anaangalia ukutani.

"Dada, hii ndiyo ile saa?"

"Saa ipi?"

"Alisema aliitega wakati aliokuwa anaamka binti, kwenda shule. Alisema wakati ule ukipita chumba kikiwa giza, anahisi anakufa. Alikuwa akilia kila akisimulia." Akanitazama. "Kwani hakukwambia?"

Shemeji akapaza sauti kutoka korido: "Jamani, naanza na betri!"

Maneno yalikuwa mawili tu, nayo yalikuwa ulimini. Nilimwangalia yule mwanamke, aliyepewa machozi ya mume wangu, wakati mimi nilipewa mbao. Nikafunga mdomo.

Taa ziliwaka kwa ukali, mara moja, chumba kizima kikawa cheupe. Kisha zikafa. Harufu ya kuungua ikajaa korido.

"Ala! Kumbe kisanduku chenyewe kilikuwa kibovu!" shemeji akasema.

Waliondoka na fungu lao. Fundi mwingine alikuja akatikisa kichwa: kontrola zinauzwa, lakini taa zote zimeungua, na hajui Waya aliziungaje. Miche ikarefuka, nyembamba na nyeupe, ikinyoosha shingo kwenye ufa wa mlango, ikalala mmoja mmoja. Niling'oa mbao za dirisha. Jirani alishajenga ukuta nyuma yake, ningeweza kuugusa kwa kiwiko.

Saa bado naitia ufunguo kila jioni. Asubuhi, tak, hakiwaki kitu. Naenda nasimama mlangoni pa chumba, na kule korido kwenye betri nasikia sauti ya Waya, taratibu, kama zamani.

"Jua?"

"Kwanza," najibu kwa sauti, jirani asikie akitaka. "Kwanza. Kwanza."

Ya betri hajaniuliza tena.