Upande wa Kulia wa Bibi Ikupa

Umande haujakauka kwenye mibuni ya Ihanda, na Zebedayo ameshaanza kulalamika. Wembe wenyewe haujatoka hata kwenye kitambaa chake.

"Bibi, polepole, mukwai," anasema, akitumia adabu ya Kibemba aliyorudi nayo kutoka migodi ya shaba.

"Polepole nini? Huu ni unyasi," anajibu Bibi Ikupa bila kuinua macho. "Mtu mzima, umeshuka chini ya ardhi pamoja na baruti, leo unaogopa unyasi?"

"Unatekenya."

Ncha ya unyasi, iliyochovywa kwenye masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nyonyo, inazunguka taratibu kwenye mkono wa kijana. Inachora gurudumu la baiskeli. La nyuma, maana la mbele lipo tayari. Lilichomwa kwa sindano na wino, pamoja na usukani na kiti, na fundi mmoja kwenye kambi ya wachimbaji. Fundi huyo alifukuzwa kazi kabla hajamaliza, akaondoka na sindano zake, na Zebedayo akarudi Tanganyika na gurudumu moja mkononi.

Baiskeli ya kweli, yenye magurudumu yote mawili na kengele juu, imeegemezwa ukutani. Mwenyewe anaitupia jicho kila mara, kama mtu aliyeacha mtoto mchanga amelala peke yake.

"Hii ya mkononi ndiyo iliyotangulia," anaeleza. "Nilisema, kama sina uwezo wa kuinunua, basi angalau niwe nayo mwilini."

Bibi anamaliza njiti ya mwisho ya gurudumu, anasogea nyuma kidogo, anaitazama kazi yake, kisha anafuta unyasi kwenye jani la mgomba. "Haya. Nenda."

"Niende wapi? Hujanichanja."

"Nenda gulioni."

Zebedayo amekaa ugenini mno, ndiyo maana anashangaa. Wengine wote wa hapa wanajua kwamba Bibi Ikupa hamchanji mtu siku ile ile anayomchora. Anakuchora kwa masizi, kisha anakutuma kwenye gulio la Mlowo ukazunguke na mchoro wako mchana kutwa. Wenye malori wakuone, wauza maharage wakuone, shemeji zako wakuone, na kila mmoja aseme lililo moyoni mwake. Ukirudi ukiwa bado unaitaka nembo yako, ndipo wembe unapitishwa motoni.

Wengi hawarudi. Na kwa kuwa malipo yake, kuku mmoja au shilingi mbili, hutolewa kazi ikiisha, sheria hiyo imemkosesha bibi kuku wa kujaza banda.

"Masizi ukiyajutia, unanawa," anasema. "Wembe ukiujutia, utanawa mpaka lini?"

Sheria hii hakuirithi, aliitunga mwenyewe. Zamani alijiwa na mke mdogo wa mtu, aliyetoka kugombana na mke mwenzake, akija mbio akitaka nembo zitakazomfunika yule mwingine. Bibi alimchanja saa ile ile. Jioni wake wale wawili walikwisha kupatana, wanatwanga pamoja, na nembo zimebaki usoni mwa mdogo kama ushahidi wa ugomvi uliokwisha.

"Mpaka leo tukikutana kisimani ananisalimu vizuri," anasema bibi. "Ingekuwa heri anitukane."

Mzee Yonasi, mumewe, anayasikiliza haya kutoka kwenye kigoda chake, kushoto kwa mkewe. Hapo ndipo anapokaa siku zote, iwe nyumbani, iwe shambani wakati wa kupumzika, iwe juu ya magunia ndani ya lori. Naye ana sababu.

Kwenye panja la kushoto la Bibi Ikupa, kati ya jicho na sikio, kuna mistari mitatu ya chale ndogondogo, zimeinuka na kupangana kama punje za ulezi. Ni nembo nzuri, hata asiyependa nembo huitazama mara mbili. Panja la kulia halina kitu.

"Mimi nilimwoa kwa upande wa kushoto," anasema Mzee Yonasi. "Alikuwa amesimama hivi, anapeta ulezi. Angegeuka kidogo tu, labda leo ningekuwa na mke mwingine."

"Na mimi ningekuwa nimepumzika," anajibu mkewe.

Bibi Ikupa alizaliwa milimani Ileje, na kazi hii alifundishwa na shangazi yake. Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Uso haukuchanjwa pande zote kwa pamoja. Alianza na kushoto, akasubiri papone, ndipo ahamie kulia. Ukichanjwa pande zote mbili, alikuwa akiuliza, usiku utalalia wapi?

Basi Ikupa, akiwa msichana, akachanjwa kushoto, akalalia kulia, akasubiri kupona. Kabla hajapona, yakaingia mafua yale mabaya yaliyokuja baada ya vita ya Wajerumani, yakamchukua shangazi. Upande wa kulia ukabaki unasubiri. Unasubiri mpaka leo, na aliyekuwa msichana sasa ana wajukuu.

Kujichanja mwenyewe hawezi. Aliwahi kujaribu kwa kioo, mkono ukaenda huku, kioo kikaenda kule, akaishia kukata sikio. Wanafunzi amepata wawili. Wa kwanza alimfuata mumewe migodini. Wa pili alibatizwa akauweka wembe chini. Hivyo mwanamke aliyepamba nyuso kuanzia Ihanda mpaka Msangano ameupitisha utu uzima wake wote na uso wa nusu.

"Sijutii chochote isipokuwa hicho," anasema. "Sitaki nikakutane na shangazi niko hivi. Ataniuliza, mwanangu, huko ulikotoka hapakuwa na mtu?"

Aliyedhaniwa angekuwa mtu huyo ni binti yake, Enesi. Enesi naye, alipofikia umri, alichorwa akatumwa gulioni. Alipofika mtoni akanawa, akaendelea na safari akiwa safi. Hakurudi kudai wembe, na mama yake hakumuuliza.

Sasa Enesi ni mama mwenye sauti katika umoja wa akina mama wa kanisa, na asubuhi hii anaingia uani na kikapu cha maharage kichwani.

"Mama yangu nampenda, wembe wake ndio siupendi," anasema, tena anasema mama mwenyewe akisikia. "Mungu alitupa mwili ukiwa umekwisha kazi. Sisi tunaongeza nini?"

"Na ile ya Serikali?" anauliza bibi, akielekeza kidevu kwenye kovu la chanjo ya ndui mkononi mwa bintiye.

"Mama, ile ni dawa!"

"Sikatai. Nasema tu, yule bwana wa chanjo hakukutuma gulioni kwanza."

Mzee Yonasi anacheka mpaka kigoda kinalia. Enesi naye anajikaza, anashindwa, anacheka. Lakini akishaketi, anaeleza jambo ambalo hacheki anapolieleza. Utotoni, katika shule moja aliyosoma, wasichana wenye chale walikalishwa nyuma na kuitwa watu wa porini. "Nilijifunza mapema kwamba watu wanausoma uso wako kabla hujafungua kinywa," anasema. "Sikutaka wanangu wasomwe vibaya."

Zebedayo, ambaye hakuulizwa, anatoa maoni yake. "Kwa mwanamume nembo inafaa, inaonyesha umetembea. Ila mke wangu mimi nitamtaka laini, kama mabibi wa Ndola."

"Na yeye atamtaka mume asiye na baiskeli mkononi," inajibu sauti kutoka mlangoni.

Huyo ni Anastazia, binti wa Enesi, msichana wa kwaya aliyekwisha kumaliza shule, na mwenye ulimi aliourithi kwa babu yake. Bibi yake humwita mke mwenzangu, kama ilivyo desturi ya utani wa bibi na mjukuu. Tangu udogo amekuwa akichanja vigogo vya migomba nyuma ya nyumba. Ndivyo mwanafunzi wa kazi hii anavyoanza, maana kigogo cha mgomba hutoa maji ukikikata sana, nacho hakilii. Wenye macho wanasema mkono wake ni ule ule wa bibi.

Leo ni zamu ya nembo yake mwenyewe aliyoiomba jana, mistari mitatu ile ile, kwenye mkono juu ya kifundo. Enesi alilijua hilo jana na hajalala vizuri. Bibi Ikupa hajalala kabisa, ila kwa furaha. Akimchanja mjukuu, anaamini, mjukuu ataingia kazini kweli, na ipo siku mkono huo utakuja kwenye panja la kulia.

Anamchora taratibu kuliko alivyomchora Zebedayo. Anamaliza. Mzee Yonasi anakohoa.

"Ikupa, huyu si mtu wa nje. Mchanje tu. Ukimpeleka Mlowo watamharibu akili."

Bibi anautazama wembe kwenye kitambaa. Anautazama kwa muda. Kisha anakifunga kitambaa.

"Panda lori, mke mwenzangu," anasema. "Ukawaonyeshe."

Enesi, aliyekuja kugombana, anabaki amemkodolea mama yake macho.

Siku hiyo ndani ya nyumba ya Bibi Ikupa hakuna kazi iliyokwenda sawa. Alipika ugali ukaungua, akaenda kisimani akasahau mtungi. Mzee Yonasi alikula mkaa kimya kimya, jambo linaloonyesha hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Alasiri kengele ya baiskeli ililia. Zebedayo alishuka, mkono safi, gurudumu la nyuma halipo.

"Nimenawa, bibi. Nisamehe, mukwai." Alieleza kwamba akiwa na magurudumu mawili alizunguka gulio zima asiulizwe kitu. Kumbe miaka yote watu walikuwa wakimsimamisha kwa sababu ya lile moja. "Baiskeli nzima kila mtu anayo. Ya nusu ninayo mimi peke yangu."

"Nenda zako," alisema bibi. "Na kuku wako nenda naye."

Lori lilimshusha Anastazia baadaye. Alifika masizi yakiwa bado mkononi, hata hayakufifia. Enesi alikwisha kurudi kumngoja, na wote watatu wakasimama kana kwamba wanapokea mgeni wa Serikali.

Akawasimulia. Vijana wawili wa lori walimcheka na kumuuliza anauza ng'ombe gani mwenye alama hiyo. Mwenzake wa kwaya alimwuliza kama ataimba na mkono uliofichwa. Mzee mmoja alisema mambo haya yamepitwa na wakati. Mama mmoja muuza maharage, mtu wa Ileje, aliushika mkono wake asiuachie, akasema mistari hiyo mara ya mwisho aliiona kwa mama yake mzazi.

"Na wewe?" aliuliza bibi. "Gulio tumelisikia. Wewe unasemaje?"

"Mimi sichanjwi, bibi."

Enesi alifumba macho kama mtu anayeshukuru. Bibi Ikupa aliitikia kwa kichwa, mara moja, akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakikuwapo.

"Sijamaliza," alisema Anastazia. "Kule gulioni walikuwa wanautazama mkono wangu, na mimi nilikuwa natazama nyuso zao. Yule mama wa maharage, nilikuwa nafikiri mstari ungepita wapi ili usigongane na mkunjo wa jicho. Siku nzima hivyo. Mimi sitaki kukaa chini ya wembe. Nataka kuushika." Akavuta pumzi. "Na nataka nianze na upande wako wa kulia."

Enesi alifumbua macho. Alikuwa ameshinda na kushindwa kwa pumzi moja.

"Mama ni mtu mzima," alisema. "Ngozi ni yake."

Bibi Ikupa alikaa pale pale chini. Anastazia alichukua unyasi, akauchovya, akamgeuza bibi yake kidevu kuelekea kwenye mwanga. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi alijikunja kwa kutekenywa, na mjukuu akamwambia atulie, huu ni unyasi.

Mchoro ulipokwisha, bibi akafungua kitambaa, akautoa wembe, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Anastazia aliweka mikono yake nyuma.

"Gulioni kwanza, mke mwenzangu."

"Nani? Mimi?"

"Au kuna watu na watu?"

Wanaosema Mzee Yonasi alianguka kutoka kwenye kigoda wanazidisha. Aliteleza tu.

Ndiyo maana siku ya gulio lililofuata, mchoro ukiwa umerudiwa upya asubuhi, Bibi Ikupa amesimama kando ya barabara kuu akingoja lori la Mlowo. Ana hofu, na anakiri. Watu wote aliowatuma huko hakuwahi kujua wanakwenda nayo.

"Wakinicheka wote, nitarudi," anasema. "Wakinisifu wote, nitarudi vilevile. Siku nyingi nimekwisha kuamua. Lakini nimewatuma wangapi? Acha na mimi niende nikatazamwe."

Mpango wake ni huu: akirudi, atachanjwa, atalalia kushoto mpaka apone, kisha wembe utakuwa wa Anastazia. Yeye atabaki na unyasi na masizi, kazi ya kuwatuma watu gulioni.

Enesi amekuja kumsindikiza, ingawa hakuna aliyemwita. Anamtazama mama yake, anaguna, kisha anakifungua kitambaa cha kichwa alichojifunga mama na kukifunga upya, juu zaidi, mbali na panja.

"Kitakufuta," anasema.

Lori linasimama. Bibi anapandishwa juu ya magunia. Mzee Yonasi anapanda nyuma yake, anaelekea kushoto kama kawaida, anasita. Kisha anamvuka mkewe, akishikilia mabega ya abiria, na kwenda kukaa kulia.

"Unatafuta nini huko?" anauliza mkewe.

"Nyamaza," anasema mzee. "Natazama."