Zaina Mpimaji na Ukuta wa Rangi Nyekundu

Zaina mimi simpendi, na ninalisema mapema ili usije ukanilaumu baadaye kwamba nilikuficha. Miaka sita tumekaa chini ya bati moja, hapa mtaa wa Makiso nyuma ya soko, yeye ndani na mashine zake, mimi barazani na sufuria zangu. Miaka sita! Ninauza lituma, zile ndizi za kuchemsha na kutwanga, pamoja na pondu, mboga ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga. Watu wanakuja, wanashiba, wanaenda zao. Lakini Zaina siku moja alinunua lituma yangu, akaiweka juu ya mizani yake mbele ya wateja saba, akasema, "Mama Philo, mwezi jana ilikuwa gramu mia nne. Leo iko mia tatu na kumi. Ndizi zimekonda?"

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pilipili. Mimi sikucheka.

Ndivyo alivyo. Baba yake, papa Amuri, alikuwa fundi wa redio, wa zile familia za Waislamu wa zamani wa mji huu, mtu mpole kabisa, Mungu amrehemu. Alimwachia binti yake meza, koleo na chuma cha kulehemia waya. Ukaidi sijui Zaina aliutoa wapi. Mkate anaupima. Sukari anaipima. Muuza dawa wa pale kona akimwona anakuja, anajifanya yuko kwenye simu.

Bon, na kazi yake ni hiyohiyo ya kupima. Anapima émetteur za droni, yaani vile vidude vidogo vinavyorusha picha kutoka kwenye droni mpaka kwenye miwani ya mwenye kuiendesha. Vijana wa mashindano wanazitaka, wapiga picha za arusi wanazitaka, wanafunzi wa chuo kikuu wanaochunguza msitu wa Masako wanazitaka. Kwenye boksi imeandikwa miliwati mia sita. Unaifunga, droni inapanda, inavuka miti mitatu, picha inakufa, na droni inaanguka porini mahali ambapo hata mwindaji haendi. Kumbe nguvu yake ilikuwa mia moja tu! Kwa hiyo mji ukazoea kuuliza: Zaina ameipima? Akiipima, anabandika kikaratasi chenye namba na sahihi yake. Bila kikaratasi hicho, muuzaji atabaki na boksi zake mpaka panya wazile.

Nimemtazama akifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mashine yake ya kupimia haivumilii nguvu nyingi; ukiifunga émetteur moja kwa moja inaungua. Kwa hiyo katikati anafunga kipande cha chuma, kinene kama kidole gumba, cha kupunguza nguvu kabla haijafika. Halafu yeye anahesabu na kurudisha kile kilichopunguzwa. Na kila asubuhi saa moja, kabla ya mteja yeyote, anapima émetteur moja ya zamani anayoiita Mzee, ambayo nguvu yake anaijua tangu enzi za baba yake. Mzee akisema mia tano, mashine ni nzima, kazi inaanza.

Jumatatu ile Mzee alisema mia tano. Nilimsikia Zaina akisoma namba kwa sauti, kama kawaida yake, utadhani anatangaza matokeo ya uchaguzi. Saa tatu akatoka kwenda kutafuta betri, na mvua ikaja.

Mvua ikija mimi naingiza makaa yangu na sufuria ndani kwake. Alinipa ufunguo kwa ajili hiyo, na amri moja: "Meza usiiguse." Lakini siku hiyo mvua ilikuja kwa hasira, maji yalikuwa yanaingia kwenye pondu yangu, na meza ilikuwa njiani. Nikaisukuma na kiuno. Kile kipande cha chuma kikabiringika, kikaanguka kwenye sementi. Kilitoa mlio mdogo tu, tik. Nikakiokota, nikakifuta na kitenge, nikakitazama. Hakuna alama yoyote. Nikakirudisha mahali pake.

Nilipaswa kusema. Kwa mtu mwingine ningesema palepale. Lakini kumwambia Zaina, aliyepima lituma yangu mbele ya watu, kwamba nimekosea? Apana!

Zaina alirudi, na mvua ilipokatika akaja Évariste. Huyu Évariste alikuwa mwalimu wa sekondari, akaacha chaki ili afungue duka la vitu vya droni. Mwaka mzima duka lilikuwa linapumua kwa shida. Sasa wanafunzi wa Masako walikuwa wamekubali kuchukua émetteur zake ishirini, kwa sharti moja, Zaina azipime. Zikikataliwa, duka limekwisha, kila mtu alijua, na yeye mwenyewe alikuwa ameliambia soko zima kwamba hana wasiwasi. Alikaa kwenye benchi langu, akaagiza samaki, akatabasamu.

"Tisini," Zaina akasema kutoka ndani.

"Tisini nini, mama?"

"Miliwati. Kwenye boksi umeandikiwa mia sita, papa Évariste. Hii iko tisini."

Ya pili, themanini na tano. Ya tatu, tisini. Évariste aliacha samaki, akaingia. Ya nne na ya tano walipima pamoja, vichwa vimegusana juu ya mashine, namba zilezile.

"Machine yako iko mugonjwa," Évariste akasema. "Pima Mzee tena."

"Mzee nimepima asubuhi. Machine haina tonton wala ndugu, papa. Haijue kupendelea mutu."

"Pima tena, nakuomba!"

"Nikipima tena kwa kila muongo, nitafunga saa ngapi?"

"Muongo ni wewe! Ndiyo maana unazeeka na vyuma, hakuna mutu anakuvumilia!"

Lo! Heri asingesema. Zaina aliingia nyuma, akatoka na kopo la rangi nyekundu ya mafuta, ile ambayo watu wakigombania urithi wanaandikia kwenye ukuta PARCELLE HAIUZWE, yaani kiwanja hakiuzwi, na hata miaka kumi ya mvua haiifuti. Akaandika kwenye ukuta wa mbele, herufi za urefu wa mkono: MSINUNUE ÉMETTEUR ZA ÉVARISTE. NI UONGO.

Évariste alisimama pale na boksi lake kifuani. Na mimi? Mimi nilikuwa nakoroga pondu. Nilijua. Sikuwa na hakika, lakini tangu ile tisini ya kwanza nilikuwa nakifikiria kile kipande cha chuma. Na nitasema yote: pamoja na woga, nilifurahi. Nilijiambia, acha ajikwae, naye aonje kuchekwa.

Kesho yake malaria ikamwangusha Zaina. Siku nane hakufungua. Mlango ulifungwa, lakini ukuta uliendelea kusema. Siku ya pili wanafunzi wa Masako walipita, wakasoma, wakafuta oda. Siku ya tatu Évariste alileta droni yake mwenyewe, ameifunga moja ya zile émetteur, akaipeleka mpaka ng'ambo ya mto, akawavalisha watu miwani waone jinsi picha inavyong'aa. Wakavaa, wakasema ni nzuri, halafu wakageuka kuutazama ukuta. "Lakini Zaina hakosei," mmoja akasema. Évariste akakusanya vitu vyake. Nilimwona akivunja waya moja mkononi bila kujua.

Siku ya tano mke wake Élise alikuja kwangu. Hakuja kula.

"Mama Philo, wewe unakaa hapa siku nzima," akasema. "Ile siku hakuna kitu uliona? Machine haikuguswa?"

Alikuwa amefunga kitenge chake kinyume, hakujua. Nilimtazama usoni.

"Miye niko muuza lituma," nikasema. "Nitajua nini mambo ya machine?"

Akasema asante. Asante! Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Siku ya tisa Zaina alirudi, amekonda, kitambaa kichwani. Saa moja akampima Mzee. Nikasubiri sauti. Kimya. Nikasikia anafungua, anafunga, anabadili waya. Kimya tena. Halafu nikasikia droo ya papa Amuri inavutwa, ile yenye vipuri vya zamani na kipande kingine kama kile, na baada ya dakika chache sauti ndogo: "Mia tano."

Alitoka na chaki. Chini ya herufi nyekundu akaandika: Nilikosea. Akamtuma mwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, naye akaenda mbio kumwita Évariste.

Évariste alifika na kopo la rangi nyekundu na brashi. Aliisoma chaki, akaifuta na kiganja.

"Mimi uliniandika na rangi ya mafuta," akasema. "Wewe unajiandika na chaki? Mvua iko njiani, mama."

Nilidhani Zaina atamrushia kopo. Akalipokea. Akaandika: MIMI ZAINA AMURI NILIPIMA VIBAYA. ÉMETTEUR ZA ÉVARISTE NI ZA KWELI. Watu walikuwa wamejaa, hakuna aliyecheka. Alipomaliza akasema bila kugeuka, "Kitu kimoja tu sielewi. Kile kipande kimepasuka ndani, kinameza nguvu kuliko zamani. Hakiwezi kupasuka bila kuanguka, na mimi sikukiangusha."

"Si Mama Philo iko na ufunguo?" Évariste akauliza.

"Mama Philo?" Zaina akasema. "Ule anapunguzaka lituma. Lakini akiangusha kitu ya mutu, atasema. Miaka sita namujua."

Wee! Angenitukana ingekuwa nafuu. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu na sikujua niuweke wapi. Nikasimama.

"Ni miye," nikasema. "Wakati wa mvua. Nilisukuma meza."

Zaina aligeuka. Alininyooshea brashi, mkono wote, kama mtu anayemkabidhi mwingine mzigo wake, akaingia ndani.

Nikaandika chini ya jina lake, herufi ndogo zilizopinda: MIMI PHILOMÈNE NILIANGUSHA CHUMA CHA MASHINE. Nikageuka nimrudishie Évariste brashi. Hakuipokea. Alisoma, akasoma tena.

"Haitoshi," akasema. "Kuanguka ni bahati mbaya. Mke yangu alikuja hapa, akakuuliza. Ongeza: NA NILIULIZWA."

Nikatazama ndani ya kopo, nikitumaini rangi imekwisha. Ilikuwa bado nyingi.