Beseni Chini ya Mbingu

Juzi niliona kitabuni picha ya dari ya kanisa la Roma: mawingu yanasukumana, malaika wananing'iniza miguu, paa kama limepasuka. Chini yake waliandika "Baroque", jina la mtindo huo wa kuchora. Nilicheka peke yangu. Utotoni nilidhani Papa, baba yangu, alikuwa akisema "baraka".

Alilisema neno hilo akiwa juu ya ngazi, akichora dari ya kanisa letu pale mtaani La Rochelle. Zamani jengo lilikuwa gereji, na hata rangi mbichi haikuishinda harufu ya oili. Pasta hakuipenda kazi ile.

"Papa Nadine, watu watatucheka. Leo leo paka nyeupe."

"Nikimaliza, Pasta," Papa alijibu bila kushuka. Aliendelea kutia kivuli kwenye ukingo wa tundu kubwa la samawati alilolichora katikati ya dari.

Mimi nikasinzia kwenye viti vya plastiki. Ngurumo ilinishtua. Nilitazama juu, nikaona mbingu wazi. Nilikimbia jikoni, nikarudi na beseni, nikaliweka chini ya lile tundu kabla zulia la Mama Pasta halijalowa.

Mvua ilipiga mabati kwa kishindo. Beseni lilibaki kavu, nami nikazidi kulisogeza huku na huku.

Pasta alilitazama beseni, akatazama juu, akalitazama tena.

"Muulize Nadine kama tupake nyeupe," Papa alisema.

Pasta hakuniuliza. Aliinua ndoo ya rangi nyeupe, akaitoa nje mwenyewe, mvuani.