Koti la kwenda popote

Juzi sokoni Kamembe nimewakuta wale mke na mume vijana ambao kanisa letu linawachangia waende ng'ambo kuhubiri. Mke alikuwa anajaribu koti zito, amelifunga mpaka kidevuni, jasho linamtoka. Mume akalipapasa bega, akatikisa kichwa: bado jepesi.

"Munaenda inchi gani, batoto bangu?" nikauliza.

"Bwana hajatuonyesha bado, Maman. Popote atakapotutuma."

"Inchi hajaionyesha, lakini baridi yake ameshaionyesha?"

Mume akakohoa. Mke akafungua kifungo kimoja.

Jumapili, zamu yangu ya kuchangia, nikawapa kofia za sufu za watoto wao, nimezifuma mwenyewe. Bwana akiwatuma kwenye jua kali wanirudishie, nami nitatubu mbele ya kanisa zima.