Injini Isiyopata Moto

Taa iliwaka saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Saa hiyo naijua kwa sababu mdogo wangu wa kiume aliipiga picha dashibodi na kunitumia kwenye simu kabla hata hajarudi. Alikuwa amelitoa gari uani kwetu Gongo la Mboto ili betri isife, akaingia nalo Barabara ya Pugu, na alipogeuza kurudi, taa ya njano yenye mchoro wa injini ikawaka na kubaki imewaka. Chini ya picha aliandika: "Dada, hii nini tena?"

Nilikuwa kwenye eda. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa. Nilikuwa na nguo mbili nyeupe nilizovaa kwa zamu. Wageni walikuwa wamepungua. Wale waliokuja walinitazama usoni wakisubiri nilie, nami niliwapa chai. Sikuwa na huzuni niliyoweza kuielezea. Chakula kilikuwa chakula, usiku ulikuwa usiku. Nilijibu ile picha: "Lirudishe. Usilizime mpaka nilione."

Nililiangalia nikiwa uani, ndani ya ukuta. Injini ilinguruma kawaida, bila kutikisika wala kutoa moshi. Taa tu ndiyo ilikuwa imewaka.

Gari lile ndilo lililobeba kazi yangu. Nashona sare za shule. Marobota ya kitambaa yalitoka Kariakoo humo, na sare zilizokamilika zilipelekwa mashuleni humo, hadi Kibamba, mume wangu akiendesha. Leseni nilikuwa nayo lakini nilikuwa naendesha mara chache. Nilijua kwamba eda ikiisha nitarudi kazini, na kwamba bila gari nitakodi bajaji mbili kwa kila mzigo, na faida itaishia barabarani. Hilo ndilo jambo pekee la baadaye nililokuwa nalifikiria.

Wiki hiyo hiyo alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ukoo ulimteua kusimamia mirathi. Alifuatana na dalali wa magari. Mimi nilikaa sebuleni nyuma ya pazia, wao barazani. Dalali aliwasha gari, akaiona taa, akazima.

"Hii kontrolboksi, kompyuta yake, mzee," akasema. "Hizi gari zikishawasha hiyo taa, hesabu umeumia. Ukibahatika, milioni na nusu kutengeneza. Usipobahatika, injini."

"Kwa hiyo thamani yake?"

"Mie nakuandikia milioni tatu, na hapo nimekuheshimu kwa sababu ya msiba."

Mali ya marehemu ilikuwa gari hilo na kiwanja cha Kibamba. Nyumba tunayokaa ni ya mama yangu, haikuwemo. Mume wangu aliacha watoto wawili wa mke wake wa kwanza: kijana mkubwa anayefanya kazi Mtwara, na binti ambaye bado yuko shuleni na anaishi na mama yake Temeke. Mimi sikuzaa. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni, sehemu moja ya nane. Kiwanja kilikuwa kimethaminiwa milioni ishirini na moja. Ukijumlisha na gari ni ishirini na nne. Moja ya nane ni tatu.

Dalali alipoondoka, shemeji alisema kupitia pazia, "Shemeji, Mungu kalipanga. Gari ni fungu lako kamili, halizidi wala halipungui. Watoto wachukue kiwanja. Kama unaridhia, kikao kijacho tunaandika, tunamaliza."

"Nipe muda nilijue kwanza," nikasema.

"Ulijue vipi, na wewe uko ndani?"

Swali lilikuwa la haki.

Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilichonacho nilikipata kwenye kamusi na kwenye vitabu vya maelekezo vya cherehani za umeme, kwa sababu mafundi wa cherehani walikuwa wananichelewesha. Nilichojifunza huko ni kimoja: mashine haisemi kilichokufa. Inasema tu kipimo gani kimetoka nje ya mpaka. Anayetaja kifaa kabla ya kujua kipimo anabahatisha.

Nilimtuma mdogo wangu aninunulie kidude cha kupimia, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Alilipa elfu thelathini kutoka kwenye pesa yangu. Nilikichomeka, simu ikasoma, ikaleta namba moja: P0128. Niliitafuta maana yake. Haikuhusu kontrolboksi hata kidogo. Ilisema injini haipati moto inavyotakiwa.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Yeye ni dereva wa fuso, na kwake gari dogo lolote ni gari la mayai.

"Dada, gari linalalamika baridi? Dar es Salaam hii? Mie mwenyewe hapa nimeloa, lenyewe linasikia baridi?"

"Ndivyo lilivyoandika."

"Basi lishonee sweta, si unacho cherehani."

Nadhani hilo lilikuwa la kuchekesha. Nililisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa imelala usiku kucha, nilifungua boneti na kushika mpira wa juu wa rejeta, tangi linalopoza maji ya injini, kabla ya kuwasha. Kati ya injini na rejeta kuna kilango kidogo cha chuma kinachoitwa themostati. Injini ikiwa ya baridi, kilango hufungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto upesi. Ikishafika joto lake, kilango hufunguka. Kwa hiyo mpira wa juu hutakiwa kubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla uwe wa moto. Mdogo wangu aliwasha. Mpira ulianza kupata uvuguvugu karibu mara moja, ukapanda polepole bila kusimama popote. Niliendelea kuushika ili niwe na uhakika. Ni yeye aliyeuvuta mkono wangu. Kiganja kilikuwa chekundu, na jioni kilifanya lengelenge.

Kisha nilimpa simu alizungushe barabarani huku akitazama joto, anisomee akirudi. Likiwa limesimama uani lilifika themanini kwa shida. Likienda kasi, upepo ukipiga rejeta, lilishuka hadi sitini na mbili. Lilitakiwa likae karibu na tisini, lisimame au liende. Kilango kilikuwa kimekwama wazi, au hakikuwepo.

Tulimwita fundi aliyekuwa analishughulikia tangu marehemu alinunue. Alisimama nje ya geti la bati, mimi ndani, mdogo wangu katikati akiwa ameliegemea.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba. Mzee alikuwa mtu wa watu."

"Marahaba. Asante. Fundi, themostati ya gari hili iko wapi?"

Akacheka kwa adabu. "Ile tulishaitoa zamani mama, yapata miaka mitatu. Gari lilichemsha likienda Kibamba, nikaona bora niing'oe, maji yapite tu. Kila gari linalokuja kwangu huwa naing'oaga. Zile wenzetu wameweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Sie baridi tunaitoa wapi?"

"Na taa?"

"Taa ikiwaka mzee alikuwa ananiletea, naifuta. Inakaa wiki mbili tatu, ikirudi naifuta tena. Haikuwa ishu."

"Lilichemsha kwa sababu gani?"

"Aah, hiyo hatukuijua. Ila tangu siku ile halijachemsha tena."

Hakuwa anasema uongo. Hapa mafundi wengi wanafanya hivyo hivyo, na gari linatembea. Linakunywa mafuta zaidi kwa sababu kompyuta yake inadhani bado ni alfajiri, inamwaga petroli ya kuamshia injini safari nzima. Lakini linatembea. Niliwaza kwamba mume wangu kwa miaka miwili kabla ya kuugua aliendesha gari lisilopata moto na kumlipa mtu afute taa. Nilisubiri wazo hilo liniume mahali fulani. Halikuuma.

Mdogo wangu alipata themostati mpya Kariakoo, pamoja na gasketi ya kuzibia na maji ya rejeta ya rangi, yote elfu sitini na tano. Tuliifunga sisi wenyewe. Yeye alifungua boliti, mimi nikasafisha kitako cha kilango kwa kisu cha kukatia nyuzi mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu gasketi mpya juu ya uchafu wa zamani huvuja. Tulikagua na feni ya rejeta, maana nilitaka kujua lilichemsha kwa nini siku ile. Waya mmoja wa feni ulikuwa umelegea kwenye soketi. Tuliukaza. Hiyo ndiyo huenda ilikuwa shida yote ya mwanzo, na ilikuwa imelala pale muda wote huo.

Nilifuta taa. Siku ile gari lilikwenda Pugu na kurudi likisoma themanini na nane bila kuyumba. Mdogo wangu aliendelea kulizungusha kwa wiki moja. Taa haikurudi.

Jioni moja aliegesha, akaja kukaa nami jikoni kwenye mkeka.

"Dada, sasa sikiliza. Nyamaza."

"Ninyamaze nini?"

"Wao wameandika milioni tatu. Gari hili zima ni milioni saba, na anayelitaka hakosekani. Kikao ni Jumapili. Waache waandike, utie saini, liwe lako. Baada ya hapo taa imezimika, Mungu mkubwa."

"Shemeji atakuja na dalali kuliangalia tena."

"Kwani kuwasha taa kazi? Nachomoa waya mmoja wa sensa ya joto, inawaka kama mti wa Krismasi. Wakishaondoka nachomeka." Alinitazama. "Usinitolee macho hivyo. Umeuguza mtu mwaka mzima. Hao watoto walikujaga mara ngapi?"

Mara chache, lakini sikuwa na hamu ya kuhesabu. Nilimwambia nitafikiri. Kwa kweli hapakuwa na mengi ya kufikiri. Ningependa kuandika kwamba nilimwogopa Mungu, au nilimhurumia yule binti wa Temeke, kwa kuwa mali ya yatima ni moto. Yote hayo nayaamini. Lakini usiku ule hayakuwa karibu nami. Kilichokuwa karibu ni kwamba gari zima lilikuwa limeandikwa bovu, na mimi ndiye niliyejua kipimo.

Nilimpigia shemeji asubuhi.

"Shemeji, lile gari si bovu. Lilikosa themostati. Limewekwa, taa imezima, nimelipima wiki nzima. Mlete dalali alithamini upya."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Shemeji yangu, unajua unachokisema? Likipanda bei linazidi fungu lako."

"Najua."

"Mimi nilikuwa nimeshaiandaa karatasi."

"Iandae nyingine."

"Haya," akasema polepole. "Wewe ndiye umesema. Isije kesho ikawa mimi ndiye niliyekunyang'anya."

Dalali alikuja, akaliendesha, akarudi akiwa mpole. Aliniuliza kupitia pazia fundi wangu ni nani. Nilimwambia ni sisi wenyewe, akacheka kwa kudhani namtania, na akaandika milioni saba.

Mali yote ikawa milioni ishirini na nane, na fungu langu milioni tatu na nusu. Ili gari libaki uani ilinipasa kuwarudishia watoto milioni tatu na nusu nyingine. Nilikuwa na pesa ya vitambaa tu, na hiyo haikufika hata milioni. Shemeji aliuliza kikao kama ningeweza kulipa kidogo kidogo. Kijana wa Mtwara, kwa simu iliyowekwa sauti kubwa, alisema kwa heshima zote kwamba mdogo wake anadaiwa ada na hawezi kungoja. Sikumpinga. Kwa upande wake ilikuwa kweli.

Gari liliuzwa kwa mwalimu mmoja wa Kinondoni ambaye hakupunguza hata shilingi. Mdogo wangu ndiye aliyelitoa nje ya geti, kisha akakaa wiki mbili bila kuongea nami. Siku aliyorudi alikuwa na robota la kitambaa mabegani, alilolitoa Kariakoo kwenye bajaji. Alilitua sebuleni, akasema, "Haya, mwenye haki, shona sare zako," akaomba maji.

Eda iliisha. Nilioga, nikavaa gauni la rangi, nikasimama kituoni na marobota mawili nikisubiri bajaji. Nilikokotoa hapo hapo, kwa kuwa hesabu ilikuwa bado haijafungwa. Kama ningenyamaza ningekuwa na gari la milioni saba. Mkononi nilipata milioni tatu na nusu. Kidude na vipuri, elfu tisini na tano, sikuvidai kwenye mirathi. Jumla ya nilichopoteza ni shilingi milioni tatu, laki tano na elfu tisini na tano.