Namba ya Kipimajoto

Kwenye ghala la chanjo walimwita Mama Namba. Hakuna kifaa kilichoingia pale asikipe namba yake ya mtandao na kukiandikisha kwenye ruta, kifaa kinachogawa namba hizo, ili namba hiyo isije ikapewa kifaa kingine. Alijigamba kwamba kwake hata printa ina kwao.

Jumatatu asubuhi alikuta chumba cha baridi kina joto kama jikoni. Mashine ya kupoza ilizimika Jumapili adhuhuri, chanjo zote zikaharibika, na nje magari ya zahanati yalishapanga foleni. Mkuu wa ghala alikuwa na jibu tayari: simu ya tahadhari ililia, mlinzi akiwa amelala.

Mlinzi huyo alikuwa mjomba wake Mama Namba, aliyemsomesha kwa mshahara wa kulinda lango la ghala hilo.

"Mjomba, simu ililia kweli?"

"Sikuisikia, mwanangu. Nilikuwa nayo mkononi mchana kutwa. Ila uzee huu, usingizi wa kitini huuoni ukiingia. Labda nilisinzia."

Mama Namba akakimbilia ruta. Akafungua orodha ya namba. Kipimajoto cha chumba cha baridi hakikuwamo. Siku ya kukifunga alikuwa na haraka, akaiandika namba kwenye kipimajoto chenyewe, akasema kwenye ruta ataiandikisha kesho. Ilipita miezi minane. Ruta haikujua kwamba namba ile ina mwenyewe, ikaipa kifaa kipya kilichokuja kuomba: simu aliyompa mjomba Ijumaa. Kazi ya simu ilikuwa kusoma joto la kipimajoto kupitia namba hiyo, na joto likipanda, ilie. Sasa namba ilikuwa ya simu, ikawa inajiuliza yenyewe joto la chumba. Ingelia vipi?

Fundi mzima! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaibeba kompyuta mbiombio hadi ofisini.

"Mkuu, mjomba hana kosa. Kosa ni langu. Tazama hapa, namba hii, na hii."

Mkuu akatazama, akakuna kidevu. "Mimi haya siyajui. Mzee mwenyewe amekiri alisinzia. Ameshatia sahihi."

"Hakusinzia! Simu ile isingelia hata angekesha mwaka mzima!"

"Damu nzito kuliko maji, naelewa," mkuu alisema kwa upole. "Lakini usijitie kitanzi kwa ajili ya ndugu. Nenda kawahi kazi."

Aliendelea kueleza mpaka mkuu akashika simu ya mezani na kumpa mgongo.

Langoni, mjomba alikuwa anakabidhi tochi na filimbi. Simu aliiweka sikioni kwanza, akaisikiliza kitambo, ndipo akaitoa.

"Mjomba, hukulala! Nakuapia, hukulala! Ni mimi!"

Mzee akamshika bega, akatabasamu. "Usinifariji, mwanangu," alisema. "Nimeshazeeka."