Nilipousingizia Ukungu wa Kifanya

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyousingizia ukungu wa Kifanya, na ukungu wenyewe ukaniumbua.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikitaka kwenda dukani naaga kama nasafiri kwenda Dar es Salaam. Mvi zangu si nyingi, lakini watoto wa mtaani kwetu hapa Makambako wameshaanza kunipa shikamoo bila kulazimishwa na mama zao, kwa hiyo nahesabu nimeruhusiwa kukuusia.

Ninyi leo tivii iko kwenye simu na hamshangai. Unaweka bando, unaangalia mpira ukiwa umejifunika blanketi, na vijana wenzako mjini wanauza vifurushi vya mwezi mzima. Wakati wa ujana wangu ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia zile simu za antena. Unaivuta antena kama ya redio, unatafuta stesheni, mara mtu anasoma taarifa ya habari kiganjani mwako! Niliziuza mezani, karibu na barabara kuu, na watu walisimama pale midomo wazi. Nikaona maisha nimeshayapatia.

Pale mezani picha ilikuwa safi. Ndipo mahali pekee nilipozijaribu. Sikuona haja ya kwenda mbali zaidi, na kusema kweli kulikuwa na baridi.

Siku moja akaja bwana mmoja wa Kifanya, ametumwa na wenzake kijijini. Akaniuliza, "Kijana, na kule kwetu inashika?"

"Inashika vizuri sana," nikamjibu, hata mate sikumeza. Akabeba simu sita. Nyuma ya kila moja nilikuwa nimebandika kikaratasi chenye jina la biashara yangu, maana nilipenda sifa.

Sasa, mchumba wangu Oliva naye alikuwa wa Kifanya. Tulifahamiana akiwa mjini anajifunza ushonaji. Kwao sikuwahi kufika. Nimeshakuambia mimi ni mtu wa namna gani. Lakini wakati wa posa ulipofika, baba yake, mzee Mlowe, alisema hataki kuletewa maneno tu, anataka amwone na kijana mwenyewe. Basi nikavaa viatu vyangu vya kung'aa, nikaongozana na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga.

Tulifika baada ya misa. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba ng'ombe ulimsikia kabla hujamwona. Uani walikuwa wamekaa wazee sita, makoti yamefungwa mpaka shingoni, na kila mmoja ameshika simu iliyovutwa antena. Mchana huo kulikuwa na mechi. Mzee Mlowe alipoinua ya kwake, nikakiona kikaratasi changu. Yule bwana aliyezinunua hakuwepo kunitambua.

"Kamwene, wazee," nikawasalimu kwa lugha yao. "Shikamooni."

"Marahaba. Wewe si wa mjini? Hebu tusaidie. Tangu tuletewe hizi simu ni chenga tupu, picha hatuioni."

Oliva alikuwa mlangoni na birika la chai. Alikijua kikaratasi kile. Yeye ndiye aliyenisaidia kuvikata. Akanitazama, akasubiri niseme.

Nikaizungusha ile antena huku na huku kama fundi. "Ni huu ukungu, wazee. Ukiondoka itashika."

Wazee wakakubali, wakakaa kuusubiri ukungu. Tukanywa chai, tukala viazi. Baba mdogo alipotaka kuanza maneno ya posa, mzee Mlowe akamzuia: "Ngoja kwanza tuone mpira, tutaongea tukiwa na furaha." Mwanangu, nilimwomba Mungu ukungu ule ukae mpaka Jumatatu.

Haukukaa. Kabla mechi haijaanza jua liliwaka, mashamba ya misindano, ile miti yetu ya mbao, yakaonekana mpaka kilima cha tatu. Simu sita, zote chenga.

"Kijana," akasema mzee Mlowe, "ukungu ndio huo umekwenda. Sasa ni nini?"

Usinicheke. Nilikuwa nimeshaanza kuitazama misindano, mirefu, imesimama pale, inafaa kabisa kusingiziwa. Kisha nikamwona Oliva ameacha kumimina chai.

"Mzee," nikasema, "simu hizi nimeziuza mimi. Niliposema zitashika huku, nilikuwa sijawahi hata kufika. Sikuwa najua."

Baba mdogo alipaliwa na chai. "Mshenga," akauliza mzee mmoja, "huyu umemwokota wapi?" Wote wakacheka, isipokuwa mzee Mlowe. Aliiweka simu chini, akasema polepole:

"Tivii tukiikosa hatufi. Lakini nikikupa Oliva, utakaa naye huko Makambako. Siku akiugua, nikupigie kuuliza anaendeleaje, utaniambia anaendelea vizuri kwa kuwa ndilo jibu tamu? Au utaniambia ni ukungu?"

Akanipa ile simu. "Kazunguke nayo. Ukirudi, niambie ulichokiona, siyo ninachopenda kusikia."

Nikazunguka. Mimi, ninayechoka nikienda dukani, nilipanda vilima vitatu kwa viatu vya posa. Nilipita uwanja wa shule, nikapita mashamba ya chai, nikateleza, suruali ikachanika gotini. Jambo lililoniumiza si goti. Niliwaza kwamba kule uani huenda posa imeshakataliwa, na Oliva anaosha vikombe vya wageni wasiorudi tena.

Niliporudi jua lilikuwa limeinama. "Kijijini hapa hakuna kitu," nikasema. "Shuleni hakuna. Kilima cha tatu, juu kabisa, picha inakuja kidogo halafu inapotea."

"Na kule bondeni, mtoni?"

Nilikuwa nimechoka sana, mwanangu, hata uongo unahitaji nguvu. "Sijafika, mzee. Sijui."

Mzee Mlowe akamgeukia baba mdogo, akavuta kigoda chake karibu. "Haya, mshenga. Sasa sema ulichokuja kusema."

Oliva akaingia ndani haraka, nikamsikia anacheka na mama yake. Baadaye, akiwa mke wangu, aliniambia ningeisingizia na misindano, angenikataa yeye mwenyewe kabla ya baba yake. Simu nilizichukua, nikawarudishia pesa zao, ingawa wazee wawili walikataa kuziachia. Walisema tochi zake ni nzuri.

Kwa hiyo nakuusia hivi, wewe unayetaka kuuza tivii za kwenye simu. Kabla hujamwahidi mtu wa Ilembula kwamba picha haitakwama, panda gari, ukaiangalie ukiwa Ilembula. Ukishindwa kwenda, mwambie hujui. Na kama huuzi chochote, neno hilo ni lako pia: mkweo akikuuliza, bosi akikuuliza, mtoto wako akikuuliza. Ukishadanganya, usikae kusubiri hali ya hewa ikuokoe. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka.

Mungu akujalie watu wa kukuuliza swali mara ya pili, na akupe moyo wa kuwajibu. Uende salama, mwanangu, na nyumba yako iwe na amani.